Debe Liliponyamaza

Nilijua mwanangu anaumwa kwa sababu debe lilinyamaza.

Ilikuwa Mei 2015, mpunga umeshachanua na punje zimeanza kujaa, na kila aliyewahi kulima bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, anajua kuwa mwezi huo hakuna kazi nyingine zaidi ya kuamia ndege. Kaka yake wa miaka tisa alikuwa na kombeo. Yeye, mwenye miaka minne, alikuwa na debe bovu la mafuta na kipande cha mti, na tangu alfajiri alikuwa juu ya dungu, kibanda chetu cha nguzo cha kulindia mpunga, akiligonga na kuwapigia kwelea kelele kwa sauti yake nyembamba. Mimi nilikuwa mwisho wa shamba, maji ya mafuriko yamenifika vifundoni, napalilia huku nikimsikiliza. Yapata saa tisa alasiri nikasikia kombeo peke yake.

Nilipofika nilimkuta amejikunja kwenye mbao, shavu kalilaza juu ya debe. Jua lilikuwa linawaka. Akaniambia, "Baba, baridi."

Mama yake alitoka jikoni, akamgusa tumbo na shingo, akasema tumpeleke zahanati kabla jua halijazama. Mimi nikamgusa paji la uso, nikasema, "Ni malaria tu. Mpe Panadol, kesho ataamka mzima."

Nimeandika mambo mengi hapa chini, lakini yote yanatokana na neno lile "tu". Nimezaliwa ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga, na tangu nikiwa mdogo nimesikia watu wa kwetu wakiitaja malaria kama watu wa miji mingine wanavyotaja mafua. "Nina kamalaria." "Vimalaria vimenishika, nitakuwa shambani kesho." Wiki moja kabla ya siku ile mimi mwenyewe nilitetemeka usiku mmoja, nikameza Panadol mbili, asubuhi nikaingia majini na jembe. Kwa hiyo nilipomgusa mwanangu sikuwa naupima mwili wake. Niliupima wangu. Nilijua malaria inanifanyia nini mimi, nikadhani naijua malaria.

Usiku ule jasho lilimtoka, homa ikashuka, akaomba uji akanywa kikombe kizima. Nilimtazama mke wangu kwa macho ya mtu aliyeshinda. Sasa najua kuwa Panadol hushusha joto bila kugusa kinacholeta joto, na kwamba homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, vimelea vikiendelea kuzaana ndani ya chembe za damu na kuzipasua. Kushuka kwa homa kulininyima siku nzima. Jumatano asubuhi aliamka, hakuchukua debe, akakaa kivulini anachezea majani ya mpunga. Mama yake akasema mtoto hajachangamka. Nikasema amechoka.

Jumatano jioni homa ilirudi kali kuliko ya jana, akaanza kutapika. Hapo nikafanya kosa la pili. Kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa umening'inia dunguni kulikuwa na vidonge vya dawa mseto ya malaria vilivyobaki, ambavyo kaka yangu hakuvimaliza mwezi uliopita alipojisikia nafuu. Nikakata kimoja katikati, nikamsagia nusu kwenye maji. Hakuna aliyenipimia. Nilikadiria kwa jicho, nikijiambia mtoto mdogo dawa ndogo. Hazikupita dakika kumi akaitapika yote, nasi tukaacha hapo, tukaamini hata kama imetoka, kidogo kimebaki tumboni.

Baadaye muuguzi alinieleza kwa utaratibu ambao sijausahau. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anapewa kidonge kizima cha dawa mseto, siyo nusu. Cha pili kinafuata baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe na vidonge vyote sita viwe vimekwisha. Apewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au uji wa karanga, kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui dawa vizuri. Akitapika kabla ya nusu saa, apewe kingine. Na mtoto anayetapika kila kitu si wa vidonge tena, huyo ni wa sindano, wa kukimbizwa. Yote hayo tungeambiwa Jumanne jioni, kama ningemsikiliza mke wangu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, kiasi cha saa nane, mke wangu alinishika bega kwa nguvu. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeukia juu, mkono wa kushoto na mguu vinarukaruka, povu mdomoni. Tangu debe liliponyamaza zilikuwa zimepita saa 35.

Mama yangu mzazi alikuwa nasi shamba msimu ule. Aliamka, akamtazama mjukuu wake, akasema neno moja: "Degedege."

Hapa nataka niseme taratibu, kwa sababu nimesikia watu wa mjini wakiwasema vibaya wazee wetu juu ya jambo hili. Mama yangu alizaa tisa, tukabaki watano. Kwake yeye malaria ilikuwa ugonjwa mmoja na degedege ugonjwa mwingine kabisa. Malaria ni homa ya hospitali. Degedege huletwa na kiumbe kinachoruka usiku, wengine husema ndege, wengine nondo mkubwa, na kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto anakakamaa. Dawa zake ni kuogeshwa kwa majani, kufukizwa kwa moshi wa mavi ya tembo, na la muhimu kuliko yote, asichomwe sindano, kwa kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Hilo la mwisho mama hakulisikia kwa watu. Aliliona. Mdogo wangu anayenifuata alipatwa na degedege miaka ya 1980, wakamtibu nyumbani siku tatu, alipozidiwa wakampeleka hospitali, akachomwa sindano, akafariki kabla ya jua kuzama. Ungekuwa wewe, ungeamini nini?

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mama alikuwa anasema kweli kwa alichokiona, ila mfuatano ule ulimdanganya. Sindano ilikuja mwishoni kwa sababu hospitali ilikuja mwishoni. Na mimi nilimpitisha mwanangu kwenye mfuatano uleule: kwanza subiri, halafu kadiria, halafu kimbia. Tofauti yangu na mama ni kwamba yeye hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mama alitaka kuchemsha majani. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akimpandishia mama mkwe wake sauti, alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga mbili akasema, "Mama, naomba radhi yako, mimi naondoka naye." Akashuka ngazi ya dungu. Mimi nikamfuata.

Tulikwenda kwa mtumbwi katikati ya mashamba yaliyofurika, mimi nasukuma upondo, yeye ameshika tochi na kumwita mtoto jina lake. Hakuitika hata mara moja. Tulipofika kwenye tuta la barabara tukaazima baiskeli kwa jamaa aliyekuwa analinda mpunga wake, na saa kumi na moja alfajiri tukagonga mlango wa muuguzi wa zahanati, nyumba ya nyuma.

Dada yule alifanya mambo matano ndani ya dakika chache na hakuuliza hata moja la kutulaumu. Alimlaza ubavu. Akamtoboa kidole akaweka tone kwenye kipimo cha haraka. Akafungua viganja vyake chini ya taa, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kuwa viganja vya mwanangu ni vyeupe kama karatasi, siku mbili nimekuwa nikimshika paji la uso na kamwe sikumgeuza mkono. Akachanganya sukari na maji kidogo akamwekea chini ya ulimi, akasema watoto wa hivi sukari ya damu huanguka nayo yenyewe inaweza kuwaua. Halafu akamchoma sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, pajani, ya kwanza, akaandika saa kwenye karatasi ya rufaa: 11:25 alfajiri. "Ya pili baada ya saa kumi na mbili," alisema, "ndiyo maana nimeandika saa, usiipoteze karatasi hii."

Siku hizi kuna daraja kubwa pale Kilombero, limefunguliwa 2018, gari linapita dakika moja. Wakati ule kulikuwa na pantoni. Tulikaa ukingoni tunangoja ivuke upande wetu, mto umejaa rangi ya chai ya maziwa, watu wenye magunia na kuku wanatutazama, na mama mmoja nisiyemjua akavua mtandio wake akamfunika mwanangu. Nimepita juu ya daraja lile mara nyingi tangu hapo na kila mara macho yangu yanashuka kwenye kile kigati.

Hospitali, upande wa Ifakara, walimpima wekundu wa damu: 4.1. Mtoto mwenye afya wa umri ule anatakiwa awe na 11 au zaidi. Daktari akasema anahitaji kuongezewa damu sasa hivi, ndugu watoe. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati. Mtaalamu wa maabara, kijana mpole, akaniuliza kama nimeumwa karibuni. Nikamwambia wiki iliyopita nilikuwa na kamalaria, kameshaisha. Akasema subiri nikupime kwanza. Akachukua damu yangu, akaingia, akakaa kwenye darubini, akatoka.

"Mzee, una vimelea."

Nilibisha. Nilikuwa nimesukuma mtumbwi usiku kucha, nimebeba baiskeli juu ya matope, sikuwa na homa, sikuumwa kichwa, nilikuwa na njaa hata. Akanikaribisha nitazame mwenyewe. Sikuelewa nilichokiona, vidoti na vipete vya zambarau ndani ya duara, lakini nilielewa alichosema: malaria iliyokuwa kwenye damu yangu ni aina ileile iliyomlaza binti yangu. Damu akatoa shemeji yangu, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Lupiro.

Hapo ukutani nje ya maabara ndipo neno langu "tu" lilipofia. Ugonjwa uleule, shamba lileile, pengine hata mbu mmoja, mimi nikalima, yeye akapoteza zaidi ya nusu ya damu yake.

Daktari alinipa maelezo jioni, baada ya sindano ya pili, mtoto bado hajafumbua macho. Alisema sisi tuliokulia kwenye maeneo ya mbu wengi mwili wetu umejifunza. Kila mara tulipougua utotoni tukapona, mwili ulishika sehemu ndogo ya sura za mdudu huyu, na baada ya miaka kinga hiyo inatosha kuzuia tusife, lakini haitoshi kumfukuza kabisa. Ndiyo maana mkubwa anatembea na vimelea na hajui. Mtoto mchanga naye anaanza na akiba aliyopewa na mama yake, ambayo huisha miezi ya mwanzo. Baada ya hapo, mpaka kama miaka mitano, mtoto anajifunza somo ambalo sisi tulishafaulu, na wengi hufa wakiwa darasani. Sitaki kulisahau neno hilo la darasani, ni lake, nimeliazima. Akaongeza kuwa Plasmodium falciparum, aina ya mdudu wa malaria ambaye ndiye wa kwetu, hufanya chembe za damu zinate kwenye kuta za mishipa midogo, na zikinata kwenye ubongo, hiyo ndiyo degedege ya mama yangu. Si ugonjwa wa pili. Ni malaria iliyofika kichwani.

Nilimwuliza daktari: kama ningemleta Jumanne? Alinitazama muda mrefu kidogo, akasema, "Angemeza vidonge sita, mngerudi shamba Ijumaa." Namshukuru kwamba hakunifichia.

Alifumbua macho siku ya tatu. Alimtambua mama yake, mimi hakunitambua mpaka kesho yake. Maneno yalirudi polepole, wiki ya kwanza alisema "maji" na "mama" tu, na mkono wa kushoto ulibaki mzito kwa miezi. Daktari wa mazoezi alitufundisha kumpa vitu ashike kwa mkono ule. Baada ya sindano kwisha alipewa dozi kamili ya dawa mseto, siku tatu, na safari hii nilihesabu kila kidonge. Nilikuwa nikimgeuza viganja asubuhi na jioni nikitafuta wekundu.

Wiki tatu baadaye, tumesharudi kijijini, akapata homa tena na kikohozi. Tulikimbia zahanati saa hiyohiyo, sikusubiri hata kuvaa viatu vizuri. Kipimo cha haraka kikaonyesha mistari miwili: malaria ipo. Nikakata tamaa, nikadhani dawa imeshindwa. Yule dada muuguzi akatoa saa yake, akamvua mtoto shati, akahesabu pumzi dakika nzima. Alipata 52. Akaniambia mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika huku anakohoa, hiyo ni nimonia mpaka ithibitike vingine. Kuhusu ule mstari, akasema kipimo hiki husoma mabaki ya mdudu kwenye damu, na mabaki hukaa wiki kadhaa hata mdudu akishakufa; kwa hiyo mtoto aliyetibiwa juzi anaweza kusoma chanya bila kuwa na malaria mpya. Alichukua damu kwenye kioo, akaipeleka kituo chenye darubini, hakuna kitu. Akampa dawa ya nimonia, akapona.

Tukio hilo la pili watu wengi ninaowasimulia hulipita haraka, lakini kwangu lina uzito sawa na la kwanza. Kwenye eneo kama letu malaria inafunika magonjwa mengine. Kila homa tunaiita malaria, na kwa kuwa mara nyingi tunapatia, hatuoni siku tunayokosea. Mtoto anaweza kuwa na vimelea na nimonia kwa wakati mmoja, vimelea havina hata kosa siku hiyo. Mpeleke apimwe, lakini pia mtazame anavyopumua.

Jambo la chandarua sasa. Nasema kwa uchungu kwa sababu chandarua tulikuwa nacho. Bonde letu lilianza mambo ya vyandarua mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, mwaka 1997 ulikuja mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, mama yangu alinunua kimoja na alikitunza kama nguo ya harusi. Baadaye zikaja hati punguzo kwa wajawazito, halafu vya bure. Nyumbani kijijini tulikuwa na vitatu, vimefungwa vizuri juu ya vitanda. Na sisi tulikuwa dunguni, mwendo wa saa nzima, kuanzia Januari mpaka Julai. Vitanda vyetu vilikuwa vinalindwa bila watu ndani yake.

Nani aliwahi kutuuliza tunalala wapi msimu wa mpunga? Waliogawa walihesabu nyumba, na nyumba walizihesabu kijijini. Dungu halina kuta, liko katikati ya maji, watoto wanalala chini ya paa la nyasi upepo unapita. Vijana wa Taasisi ya Afya Ifakara waliokuwa wanatega mbu maeneo yetu walinieleza kwamba siku hizi anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni ni Anopheles funestus, mbu anayependa kuuma usiku mkubwa watu wakiwa usingizini na anayezaliana kwenye madimbwi yasiyokauka haraka yenye majani. Yaani mlango wa dungu letu.

Msimu uliofuata nilifunga fito nne kwenye pembe za dungu na kamba juu, chandarua kikaning'inia toka paa mpaka mbao, ncha zikaingia chini ya mkeka. Ni kazi ya asubuhi moja. Kinachonisumbua ni kwamba miaka yote ile ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Tulijifunza pia kukianika kivulini baada ya kukifua, kwa sababu jua kali huua dawa iliyomo, na kushona tundu siku linapoonekana. Mke wangu ndiye aliyeanzisha sheria ya watoto kuingia ndani ya chandarua mara wanapomaliza kula, hadithi wanasimuliwa humohumo. Vya zamani vilivyochakaa tunafunikia miche ya bustani. Vipya havigusi samaki wala kuku.

Mwaka 2017 kijiji kilipotafuta wahudumu wa afya wa kujitolea nilijiandikisha. Mke wangu alicheka akasema hatimaye nimekubali kusikiliza. Tangu hapo nazunguka madunguni, na niseme jambo nililoliona wazi kuliko yote: mara nyingi mama wa mtoto anajua siku ya kwanza. Anajua kwa kunyonya, kwa mlio, kwa namna mtoto anavyoegemea. Kinachochelewesha ni kwamba hana nauli mkononi, au anangoja baba arudi aseme ndiyo, au baba yupo na ameshasema "malaria tu". Nimekaa na wanaume wenzangu juu ya magunia, nimewasimulia habari ya debe, na nimewaomba jambo moja dogo, waache fedha ya nauli ya zahanati mikononi mwa mama wa watoto kabla hawajaenda kuvua au kulima mbali, na waseme mbele ya watu wote wa nyumba kwamba ruhusa ameshapewa. Wengine wamekubali. Baba mmoja alinijibu kwa hasira kwamba namfundisha kutawala nyumba yake. Miezi miwili baadaye alinitumia ujumbe: "Ametoka salama. Aliondoka naye bila kunisubiri."

Jambo jingine ni wageni. Mwaka 2019, likizo ya Juni, dada yangu alimleta kijana wake wa miaka 11 kutoka Dar es Salaam aje aone mavuno. Alilala na wanangu, akaumwa na mbu walewale. Baada ya siku kumi na mbili wangu wanakimbia, yeye ameanguka, homa ya kutetemesha na kuweweseka. Zamani ningesema mtoto mkubwa huyo, atahimili. Nilikuwa nimeshajua kwamba kinga haiji na miaka, inakuja na kuumwa na kupona, na mtoto aliyekulia mjini kwenye mbu wachache, kwa malaria, ni sawa na mtoto mdogo. Tulimfikisha kituo ndani ya saa mbili, dozi ikaanza siku hiyo, Jumapili alikuwa anakula pilau. Wazazi mlio mijini mnaopeleka watoto kwa bibi, chandarua kiwe cha kwanza kuingia kwenye begi, na homa yoyote bondeni au baada ya kurudi mjini, mwambieni daktari mtoto alikuwa wapi.

Hali imebadilika, sitaki kuonekana nasema tumekaa palepale. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta watoto 14 au 15 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara wana vimelea. Ule wa 2022 ulikuta 8. Lakini mikoa haifanani, Tabora walikuwa 23. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 vya malaria duniani mwaka 2023, karibu vyote Afrika, na kati ya kila vinne hapa kwetu Afrika vitatu ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Nikisoma namba kama hizo nazisoma nikiwa kwenye kigati cha pantoni. Ukizungumzia chanjo moyo unanipanda, kwa sababu Idete, kijiji cha bonde letu hilihili, watoto walishiriki jaribio la chanjo ya malaria mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Bagamoyo na Korogwe walishiriki majaribio ya chanjo iliyokuja kuanza kutolewa Kenya, kaunti za Ziwa Victoria, Septemba 2019. Damu ya watoto wetu imechangia kujua. Nami naona wana haki ya kuwa wa kwanza kufaidi.

Mama yangu alifariki miaka minne iliyopita, kwa uzee. Kabla ya hapo alikaa na mjukuu wake mwingine, mtoto wa mdogo wangu, akashikwa na homa usiku. Mama ndiye aliyeniamsha. Alikuwa ameshamgeuza viganja chini ya taa ya simu. Akaniambia, "Bado vyekundu, lakini twende, nisije nikaanza kuchemsha majani."

Binti yangu sasa yuko sekondari. Mkono wa kushoto bado huchoka haraka akibeba ndoo. Hakumbuki kitu chochote cha mwaka 2015 isipokuwa, anasema, mtandio wa mtu fulani wenye maua. Juu ya nguzo ya dungu kuna daftari lililofungwa kwa kamba ndani ya nailoni, tuliliweka msimu uleule tulioweka chandarua, na yeyote mwenye mtoto anayechemka anaandika humo kabla ya kufanya jambo jingine. Mwezi uliopita nilikuwa kijijini kwenye mkutano, niliporudi dungu lilikuwa tupu, moto umezimwa kwa maji, baiskeli haipo. Nikafungua daftari. Kwa mwandiko wake:

"Saa 8:40 mchana. Mtoto wa mamdogo amekataa ziwa, anachemka. Viganja vyekundu. Pumzi 38. Hajatapika. Tumeondoka na mama saa 8:50. Baba, chakula kipo kwenye sufuria."